Hadithi ya Kijana Baina ya Jando na Darasa: Tathmini ya Usomaji wa Mwezi Mmoja Masasi na Newala

IKISIRI

Makala haya yanatathmini usomaji wa mwezi mmoja wa hadithi za Kiswahili zilizoandikwa kwa ajili ya watoto na vijana, au zinazofundishwa kwao, uliofanywa Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Hoja kuu ni kwamba hadithi hizo zinaweza kutofautishwa kwa viambishi vya kitenzi vinavyobeba mtazamo wake. Ngano za watoto zinaendeshwa na -ka- ya mfuatano. Kazi nyingi wanazosomeshwa vijana zinaelemewa na -nge- na -ngali- za majuto. Hadithi ya -ki-, ambamo jambo bado linaweza kuamuliwa, ni haba. Makala yanaonyesha kuwa mafunzo ya jadi ya sehemu hiyo yalikwisha kulishughulikia tatizo hili kwa njia ya fumbo, na kwamba mwandishi wa vijana ana la kujifunza humo.

1.0 UTANGULIZI

Mji wa Masasi umezungukwa na milima ya mawe, chini ya uwanda wa Makonde. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda huo, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Katika eneo hili Kimakua, Kiyao, Kimwera na Kimakonde vinakutana, na Kiswahili ndicho lugha ya shule, ya soko na ya mnada wa korosho. Mwezi wa Juni mavuno yamekwisha, kipupwe kimeingia na shule zinafunga. Ndicho pia kipindi ambacho familia nyingi hupeleka watoto wao jandoni na unyagoni. Kwa hiyo kijana wa huku ana madarasa mawili: moja lina ubao na vitabu, jingine lina ngoma na nyimbo. Madarasa yote mawili hutumia hadithi kumfunza, na yote mawili hudai kumwandaa kwa utu uzima.

Ni katika mazingira hayo ndipo usomaji unaozungumziwa hapa ulipofanyika. Matini zilizosomwa ziligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni ngano, hasa zile zilizochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Kundi la pili ni riwaya za safari na ushujaa zilizoandikwa mahsusi kwa vijana, zikiwamo zile za M. M. Mulokozi kuhusu vita vya Wahehe dhidi ya Wajerumani, na Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba (2008). Kundi la tatu ni vitabu vya fasihi ambavyo kwa miaka mingi, chini ya mtaala wa 2005, vilisomwa katika kidato cha tatu na cha nne: Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, Joka la Mdimu ya Abdallah Safari, Orodha ya Steve Reynolds, Kilio Chetu ya Medical Aid Foundation na vinginevyo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) iliongezwa kwa sababu itakayoelezwa baadaye.

Swali lililoongoza usomaji huo ni hili: mtoto aliyezoea ngano anapofika umri wa miaka kumi na miwili hadi kumi na sita, hadithi ya Kiswahili inamwambia nini juu ya maisha yaliyo mbele yake?

2.0 MASASI KATIKA HISTORIA YA HADITHI ILIYOANDIKWA

Msomaji anaweza kudhani kuwa Masasi na Newala ziko pembezoni mwa historia ya maandishi ya Kiswahili. Ushahidi unaelekeza kwingine. Steere, aliyekusanya ngano za Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, ndiye yule yule askofu aliyeongoza kundi la watumwa walioachwa huru kutoka Unguja na kuanzisha makazi ya misheni ya UMCA Masasi mwaka 1876. Makazi hayo yaliposhambuliwa na Wangoni mwaka 1882, kitovu cha kazi ya misheni kikahamia Newala. Hivyo mmoja wa watu wa kwanza kuiweka hadithi ya Kiswahili katika kitabu cha chapa ndiye pia aliyefungua mlango wa shule za misheni katika sehemu hii.

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alipita Masasi, Newala na Mahuta. Alirekodi nyimbo kwa fonografu na kushuhudia sherehe za unyago. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilichapishwa mwaka 1908. Baadaye Lyndon Harries, mmisionari wa UMCA aliyekuja kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa ushairi wa Kiswahili, alikusanya nyimbo za mafumbo za jando za Wamakua na kuchapisha uchambuzi wake mwaka 1942. Naye Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926, alijulikana kwa jaribio lake la kuunda jando la Kikristo: badala ya kuipiga marufuku mila hiyo, aliibakiza na kuibadilisha baadhi ya maudhui yake.

Historia hii ina maana kwa mada iliyopo. Watu hawa, kila mmoja kwa sababu zake, walitambua kuwa huku kulikuwa na mfumo kamili wa kumfunza kijana kwa maneno yaliyopangwa kisanaa. Mkusanyaji aliuandika na kiongozi wa dini akaurekebisha. Mwandishi wa hadithi za vijana kwa Kiswahili ndiye ambaye hadi sasa ameutumia kidogo.

3.0 NGANO NA -KA- YA MFUATANO

Katika sarufi ya Kiswahili, -ka- huonyesha tendo linalofuata jingine: akaondoka, akafika, akaona. Kiambishi hiki hakimhukumu mtendaji. Kinalisukuma tukio mbele na kumwachia msikilizaji kazi ya kuunganisha sababu na matokeo. Mtoto wa Newala anayejifunza Kiswahili shuleni hupokea muundo huu kwa wepesi, hasa pale hadithi inaporudiarudia sentensi zenye umbo moja.

Mfano mzuri ni kisa cha mwalimu Goso katika mkusanyiko wa Steere. Mwalimu anafundisha watoto chini ya mti, tunda linamwangukia, anakufa. Wanafunzi wanaanza kumtafuta mwenye kosa. Wanamshika mmoja na kumpiga. Naye anajitetea kuwa yuko mwingine mwenye nguvu kuliko yeye. Upepo unawapeleka kwa kiambaza, kiambaza kwa panya, panya kwa paka, na kuendelea, mpaka anapatikana paa aliyelidondosha tunda lile.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, watoto ndio watendaji. Mtu mzima amekufa mwanzoni kabisa mwa kisa, na haki inatafutwa na wanafunzi wenyewe. Pili, ingawa washtakiwa hujitetea kwa sentensi za sharti, msimulizi mwenyewe hatoki katika -ka-. Haoni haja ya kusema wanafunzi wangalifanya nini. Wanakosea, wanaendelea, wanakosea tena, wanafika. Makosa yao ni sehemu ya njia.

Vitabu vingi vya watoto vya miongo ya karibuni vimeurithi muundo huu. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Canada, ulichangia sana kuongeza vitabu vya picha na hadithi fupi kwa Kiswahili. Kuanzia mwaka 2016 programu ya Tusome Pamoja, ambayo mkoa wa Mtwara ulikuwa miongoni mwa maeneo yake, ilijishughulisha na stadi za kusoma katika madarasa ya chini. Juhudi hizi ni za kupongezwa. Hata hivyo, nguvu kubwa iliwaelekea watoto wadogo. Tuzo ya Burt, iliyowatia moyo waandishi wa Tanzania kuandikia vijana, ililenga vitabu vya Kiingereza. Mtoto aliyekwisha kuimudu hadithi ya -ka- anapopanda ngazi, aghalabu ngazi inayofuata ni orodha ya vitabu vya mtihani.

4.0 VITABU VYA DARASANI NA -NGE- YA MAJUTO

Viambishi -nge- na -ngali- huonyesha sharti lisilotimia. Wanasarufi hutofautisha -nge- ya jambo lisilo halisi sasa na -ngali- ya jambo lililokwisha kupita, ingawa katika matumizi viambishi hivi huingiliana. Kwa madhumuni ya makala haya, yatosha kusema kwamba vyote viwili hufunga mlango: angesikia, asingeumia, angalijua, asingalikwenda. Wahenga walikwisha kulisema jambo hili waliposema majuto ni mjukuu.

Orodha ni tamthilia iliyojengwa juu ya muundo huu hasa. Furaha, msichana, amekufa kwa UKIMWI na kuacha orodha. Wanakijiji wanahofu kuwa ni orodha ya wanaume waliokuwa naye, kumbe ni orodha ya mambo ambayo yangaliokoa maisha yake. Kiini cha tamthilia, tangu ufunguzi wake, ni sentensi moja ndefu ya -ngali-. Katika Kilio Chetu, watu wazima wanatofautiana juu ya kuwaeleza watoto habari za ujinsia. Wakati wao wanabishana, vijana Joti na Anna wanajifunza kwa njia zao, na mwisho wake ni mimba na UKIMWI. Katika Watoto wa Mama N'tilie, watoto wa mwanamke anayeuza chakula jijini Dar es Salaam wanasukumwa nje ya shule na umaskini, na jalala na mitaa vinawapokea.

Hakuna shaka kuwa kazi hizi zina thamani. Kilio Chetu, kwa mfano, iliandikwa katika miaka ya 1990, wakati UKIMWI ulipokuwa ukiua vijana na kimya cha wazazi kilikuwa hatari ya kweli. Ukali wake una sababu. Tatizo linaonekana pale vitabu hivi vinaposomwa mfululizo, kama mwanafunzi anavyovisoma. Kijana mmoja baada ya mwingine anaingia katika ujana na kuadhibiwa kwa kuingia. Maiti, mimba, jalala na machozi ya mama vinamwandama msomaji. Ujana wenyewe unaanza kuonekana kama kosa.

Aidha, kuna umbali wa mazingira. Katika vitabu vya orodha ya shule vilivyotajwa hapa, hakuna hata kimoja ambacho kisa chake kinatokea kati ya Masasi na Newala. Mhusika wa mjini anapoangamia, kijana wa uwandani anaweza kuhitimisha kuwa mji ndio uliomwangamiza, na kwamba yeye, mwenye shamba la mikorosho na chungu cha ming'oko, hahusiki. Onyo linampita.

Rosa Mistika inastahili kutajwa hapa kwa sababu ililiona tatizo hili mapema. Rosa analelewa Ukerewe na baba mkali, Zakaria, ambaye hamruhusu hata kuwa na mazungumzo ya kawaida na wavulana. Anapofika mahali pasipo na fimbo ya baba, hana alilofundishwa la kumwongoza, na mwisho wake ni kujiua. Riwaya hii ilizuiwa kutumika shuleni ilipotoka, na baadaye ikaja kufundishwa. Ingawa nayo inaishia kaburini, lawama yake inawaelekea walezi. Majuto yake ni ya mtu mzima: tungalimfundisha nini?

5.0 FUMBO KAMA NJIA YA KUFUNDISHA

Swali hilo la mwisho ndilo ambalo makungwi na manyakanga wa kusini wamelishughulikia kwa vizazi vingi. Muundo wa jumla wa jando na unyago unajulikana tangu Arnold van Gennep alipoueleza mwaka 1909 kwa mila za namna hii duniani kote: kutengwa, kukaa katika hali ya kati, na kurudishwa katika jamii. Katika uwanda wa Makonde wavulana huingia likumbi na wasichana huchezwa chiputu. Hatua ya mwisho huwa ni sherehe. Wali hutolewa wakiwa na nguo mpya, midimu hucheza, na jamii huwapokea kwa vigelegele kama watu wapya.

Lugha ya mafunzo hayo ni ya mafumbo. Uchambuzi wa Harries wa nyimbo za Wamakua unaonyesha kuwa wimbo huimbwa ukiwa umefungwa, na maana yake hufunguliwa ndani ya mafunzo. Utaratibu huu unafanana na ule wa kitendawili cha Kiswahili. Mmoja husema, "Kitendawili!" Wengine hujibu, "Tega!" Anayeshindwa kutegua huombwa mji, akishautoa, hupewa jibu na mchezo huendelea. Kushindwa kuna gharama, lakini gharama hiyo haimtoi mtu katika mchezo. Aliyeshindwa jana hutega leo.

Hapa ndipo tofauti kati ya madarasa mawili ya kijana inapobainika. Kitabu cha onyo humpa kijana jibu, kisha humwonyesha maiti ya aliyelikataa. Fumbo humpa swali na kumngoja. Kisarufi, fumbo liko karibu na -ki-, kiambishi cha sharti lililo wazi: ukienda, utaona; ukiuliza, utajibiwa. Tendo halijafanyika na msemaji hadai kulijua tokeo kabla ya mtendaji.

6.0 HADITHI YA -KI-

Katika usomaji wa mwezi huo, kazi chache ziliukaribia muundo huu. Marimba ya Majaliwa inamtoa mtoto nyumbani kwenda kuitafuta marimba yake na kumpitisha katika sehemu nyingi za Tanzania. Njia ndiyo inayomfundisha. Riwaya za Mulokozi kuhusu Wahehe zinamweka kijana katikati ya historia, mahali ambapo uamuzi una uzito na hatari ni halisi.

Iliyo karibu zaidi na umbo la jando ni Takadini. Sekai anamzaa mtoto zeruzeru, ambaye kwa desturi ya kijiji chake hapaswi kuishi. Jina la mtoto, kwa Kishona, ni swali: tumefanya nini? Mama anatoroka naye, wanaishi ugenini, mtoto anakua kati ya wanaomtilia shaka na wanaompenda, na hatimaye anapata mke, Shingai, na nafasi kati ya watu. Kutengwa kupo, hali ya kati ipo, na kupokewa kupo. Inafaa kuzingatiwa kwamba, kati ya vitabu vya orodha ya shule vilivyojadiliwa hapa, hadithi inayomfikisha kijana kwenye kutolewa kwake imewekwa katika mazingira ya Washona. Kijana wa Masasi anaazima kutoka mbali umbo ambalo mtaani kwao linachezewa ngoma kila kipupwe.

7.0 PINGAMIZI MBILI

Pingamizi ya kwanza ni kwamba hoja hii inausifu unyago kupita kiasi. Ni kweli kuwa mila hizi zimelaumiwa, na kwa haki, pale zinapomchezesha mtoto mdogo mno, zinapomtoa shuleni au zinapomfungulia mlango wa ndoa ya utotoni. Mwanafasihi halazimiki kuyatetea hayo. Lucas mwenyewe aliona kuwa umbo na maudhui vinaweza kutenganishwa. Kinachopendekezwa hapa ni kuazima umbo: fumbo, hali ya kati yenye mwalimu, na kutoka kwenye heshima. Maudhui yataandikwa na kizazi cha sasa, na ndani yake msichana anaweza kutolewa akiwa na daftari mkononi.

Pingamizi ya pili ni ya maadili: hadithi inayomwachia kijana nafasi ya kuamua inaweza kumpotosha. Hofu hii si ngeni. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 katika shule, ukiwamo mfululizo wa Kimarekani wa Diary of a Wimpy Kid, kwa kuvitaja kuwa vinakiuka maadili ya Kitanzania. Mtu anaweza kuuunga mkono uamuzi huo au kuupinga. Vyovyote vile, marufuku inaondoa kitabu rafuni bila kuweka kingine mahali pake. Kijana wa miaka kumi na mitatu anayetaka kusoma atasoma kitu. Tukio la Rosa Mistika linafundisha kuwa kilichozuiwa leo kinaweza kuwa kitabu cha mtihani kesho, na katikati ya hapo kizazi kizima kimepita bila kuzungumza.

8.0 HITIMISHO

Usomaji wa mwezi mmoja hauwezi kuwa msingi wa hukumu juu ya fasihi nzima. Hata hivyo, umetosha kuonyesha mwelekeo. Mtoto anapewa -ka-, naye anaifurahia. Kijana anapewa -nge-, naye anaikariri kwa ajili ya mtihani. Kati ya hizo mbili pana nafasi ya -ki-, na nafasi hiyo imejazwa kwa uchache.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023 na ambayo baadaye iliongeza kipengele cha hadithi za watoto, ingefaa kuwatenga vijana kama hadhira inayojitegemea, kwa Kiswahili. Pili, wanafunzi wa uzamili katika isimu na fasihi wanaweza kuchunguza kwa hesabu mgawanyo wa viambishi vilivyojadiliwa hapa katika matini nyingi zaidi, ili hoja hii ithibitishwe au ikanushwe. Tatu, nyimbo za mafumbo za Wamakua, Wayao, Wamwera na Wamakonde zirekodiwe upya kwa idhini ya wenyewe na kwa kuheshimu yale yasiyostahili kutolewa nje ya kumbi, kisha waandishi wazitumie kama shule ya utunzi.

Masasi na Newala zina watunzi wa mafumbo kabla hazijawa na shule. Kijana anayetolewa jandoni mwezi Julai, akarudi darasani akiwa na nguo mpya, amekwisha kuambiwa na jamii yake kuwa ni mtu anayeweza kuaminiwa kwa swali. Kitabu atakachopewa na mwalimu wake wa Kiswahili kinapaswa kuanzia hapo.